Mama Trei na Dalia za Dirishani

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, fundi cherehani, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mama Trei.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1950, kitinda mimba wa mpiga chapa na mkunga, akasoma hadi darasa la nane, akajifunza ushonaji, na mwaka 1970 akaajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali, alikoshona mashuka na mapazia mpaka alipostaafu. Tarehe 3 Agosti 1974 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa gari la mikate, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza.

Baba alipofariki, Januari 2006, mama alifunga mapazia, akawa hali chakula, hatoki kitandani, tukabaki tumeshika vichwa, hadi shangazi yetu, wifi yake, alipokuja na mbegu za maua ya dalia ndani ya kipande cha gazeti, akamwambia, "Wifi, mimi kuliwaza sijui, lakini hizi zinataka dirisha lenye mwanga." Mama akafungua pazia moja tu, akazipanda kwenye trei ya mayai, akazimwagilia kama anayezima moto, zikaota, zikaoza mashina, zikalala zote. Hasira ndiyo iliyomtoa kitandani. Akaomba mbegu nyingine, akazifunika udongo kiduchu, akazitandazia nailoni, akawa anazinyunyizia kwa chupa yake ya kupigia pasi na kuigeuza trei ili miche isiinamie upande mmoja, na baridi ilipokwisha akaihamishia nje, tukashangaa kila mche ulivyotoa rangi yake. Tangu hapo, kila mwaka, nyumba nzima ilikuwa trei, hata juu ya friji, na hakuna jirani aliyeondoka kwetu mikono mitupu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Mwaka huu, alipolazwa mwezi Aprili, alikuwa ameshapanda, akakataa kuiacha miche yake, na muuguzi wa zamu akamruhusu chungu kimoja dirishani. Ua lilifunguka Juni, jekundu lililokaribia weusi, mama akacheka, akasema, "Huyu naye weusi kautoa wapi?" Alifariki tarehe 27 Juni, asubuhi, sisi sote tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekubali udongo uingie wodini, wenzake wa chumba cha kushonea mlioshona shuka alilofunikwa leo, majirani mliotupikia na kukesha nasi, na wewe, shangazi, uliyeturudishia mama yetu tukaishi naye miaka yote hii.

Mama, umefanya kazi, umetulea, sasa lala salama, upumzike.