Mwalimu Odeta Luhaga na Tamasha la Mabenchi

Wazee wetu shikamooni. Baba Paroko, majirani wa Kisesa, walimu wenzake, na ninyi wasanii mliotoka mjini alfajiri ya leo, poleni na safari. Mimi ni Ngosha, mdogo wake anayemfuata. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya marehemu dada yangu. Karatasi hii nimeiandika mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimechoka. Mtanisamehe panapopinda.

Odeta Luhaga Shimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapahapa Kisesa, wilaya ya Magu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee Luhaga Shimba na marehemu mama yetu, Kabula Mayala. Alibatizwa siku ya Pasaka mwaka huohuo. Mama alisimulia kwamba ukimtuma Odeta dukani ulikuwa huna haja ya kuuliza kulikuwa na habari gani huko. Ulikaa tu ukamwangalia. Alijigeuza mwenye duka, akawa mnunuzi, akawa hata mbuzi aliyepita katikati yao. Mara nyingine chumvi aliyotumwa aliisahau, na mama hakumchapa kwa sababu yeye mama alikuwa bado anacheka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1980, akamaliza la saba mwaka 1986 akiwa wa pili katika shule yake. Mwaka 1987 alijiunga na sekondari mjini Mwanza, na mwishoni mwa mwaka 1988 akafaulu mtihani wa kidato cha pili. Hapo ndipo shule yake ilipokatika. Mwaka huo ng'ombe wetu walikufa kwa ugonjwa, na pamba haikutoa kitu. Mimi nami nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Baba alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, akanichagua mimi. Januari 1989 mimi nilivaa sare, Odeta akashika jembe.

Nilimuuliza baba jana jioni kama sehemu hii isomwe au iachwe. Akasema, "Isome. Mwenyewe alishaisema mbele ya watu." Basi na lililobaki nalisema mwenyewe, kwamba nilisoma miaka minne, na mwaka 1992 nikapata sifuri. Nikaenda Igoma kujifunza useremala.

Odeta alilima hapa nyumbani miaka saba. Mwaka 1996 alipata kazi mjini katika duka la vitambaa la mama mmoja mjane, marehemu Bachubai. Mchana alipima vitambaa, jioni alisoma. Bachubai alimruhusu kuweka vitabu chini ya meza ya kukatia, akamwambia, "Mteja akija, funga kitabu. Mteja akiondoka, fungua." Mwaka 1998 alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Akaenda Chuo cha Ualimu Butimba, na huko akakutana na somo la sanaa za maonyesho. Aliniambia kwamba siku ya kwanza darasani alitamani kucheka, maana aligundua kuwa yale aliyokuwa akimfanyia mama jikoni yana jina na yana mwalimu.

Alianza kufundisha shule ya msingi huko Igoma mwaka 2001, na hakuacha mpaka mwili ulipomwachisha. Wanafunzi wake wapo hapa, wengine wana mvi nyingi kuliko mimi.

Mume wake, shemeji yetu Masele Machibya, alikuwa fundi mitambo kwenye kivuko cha Kigongo. Mwaka 2002 Odeta alikuwa pale akisubiri kuvuka kwenda Sengerema kusimamia mitihani. Alisimama kando ya magari akigombana peke yake, mikono inakwenda huku na huku. Masele akamsogelea kwa adabu.

"Dada, pole. Nani amekuudhi?"

"Bado sijamwandika," Odeta akajibu.

Masele anasema hakuelewa, ila alitaka kuelewa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Julai 2003 katika kanisa hili hapa jirani. Mungu aliwapa watoto wawili, Selina na Mashimba.

Sasa niseme juu ya tamasha, kwa sababu wengi mmekuja kwa ajili hiyo, na kwa sababu ndilo lililomla nguvu.

Mjini palikuwa na maonyesho makubwa, yenye wageni rasmi na michezo ya kuigiza ileile ya kila mwaka. Vijana wenye michezo yao mipya waliambiwa wasubiri. Odeta aliona wanasubiri mpaka wanaoa, wanazaa, wanaacha kuandika. Mwaka 2010 alimwendea Bachubai, ambaye marehemu mume wake alikuwa ameacha ghala la mbegu za pamba lisilotumika.

Bachubai akamuuliza, "Utaleta kelele?"

"Nitaleta, mama."

"Lete. Sasa hivi wanaoongea humo ni panya tu."

Akaja kwangu Igoma, akasema anataka mabenchi kumi na mawili ya mbao za paini. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya watu kukalia wakitazama mchezo ambao hakuna mtu amewahi kuutazama. Ndivyo likaitwa Tamasha la Mabenchi. Lilifanyika kila Desemba shule zikifungwa, siku tatu, michezo minne au mitano. Sharti lilikuwa moja, mchezo uwe mpya. Aliyeandika angeweza kuwa mwalimu, msusi, mpaa magamba ya samaki, yeyote. Odeta aliisoma yote mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na aliyeletewa karatasi zake zimejaa wekundu alijua amependwa.

Kuna mwaka alikuja ofisa mmoja akauliza kwa ukali, "Hili tamasha liko chini ya nani?"

Odeta akatazama juu. "Liko chini ya bati, mheshimiwa."

Na bati lile lilikuwa na mambo yake. Desemba ni mvua, na mvua ikipiga bati hakuna sauti ya mwigizaji itakayoishinda. Waigizaji walisimama pale walipofika, kama ni kofi basi mkono hewani, wakasubiri. Watu nao walisubiri. Mvua ikipungua kofi likaendelea. Mwaka 2016 katika mchezo mmoja niliwahesabu watazamaji sita, na wawili kati yao walikuwa wameingia kujikinga mvua. Nikamwambia dada tuwarudishe nyumbani. Akasema, "Wale wawili ndio wageni wangu rasmi." Mchezo ukachezwa wote.

Mimi nilibeba yale mabenchi miaka kumi na mitano. Nilinung'unika kila mwaka, na Odeta aliniacha ninung'unike, yeye akishika upande wa pili wa benchi.

Yeye mwenyewe aliandika mchezo mmoja tu. Uliitwa *Nafasi ni Moja*, ukachezwa Desemba 2013. Ulikuwa juu ya baba mwenye watoto wawili na nafasi moja ya shule. Sikuambiwa. Nilikaa benchi la nyuma, na baada ya dakika tano nikajua ni sisi. Baba alikuwa amekaa benchi la mbele. Odeta ndiye aliyemwalika, akamtumia na nauli.

Aliyeigiza kama baba alikuwa fundi cherehani mmoja, Kashindye. Alifika mahali akasema kwa sauti kubwa, "Binti atafute mume, kijana atafute elimu!" Baba yetu akasimama.

"Hapana," akasema. "Mimi sikusema hivyo."

Kashindye alimtazama Odeta, hajui afanye nini. Baba akaendelea.

"Nilisema, 'Odeta, nimeshindwa.' Nililisema zizini, na zizi lilikuwa tupu. Hapakuwa na kelele kama hizi."

Odeta akatoka pembeni, akapiga goti. "Shikamoo, baba. Njoo huku mbele useme, hawa wa nyuma hawakusikii."

Baba akapanda jukwaani. Kashindye akampisha, akaenda kukaa pale baba alipokuwa amekaa. Baba aliongea muda mrefu. Alitaja ng'ombe mmojammoja kwa rangi zao. Akasema, "Nilimchagua mvulana kwa sababu baba yangu angemchagua mvulana. Kufikiri nilifikiri baadaye, siku ambayo kufikiri hakukusaidia tena. Huyu binti alikuwa na akili kuliko sisi wote. Nililijua siku ileile." Halafu akamgeukia Kashindye, akamwambia, "Haya, njoo uendelee."

Kashindye alikuwa amesahau walipofikia. Watu wakacheka, wengine wakalia, mchezo ukaishia hapo. Tulipokuwa tukibeba mabenchi nilitamani kumwambia dada neno, lakini yeye aliniwahi. "Umemsikia mzee? Ana sauti nzuri. Ningempa ile nafasi ya baba yeye mwenyewe tangu mwanzo." Akainua upande wake wa benchi, nami nikainua wangu.

Ugonjwa ulianza na shinikizo la damu, ambalo alilipuuza kwa miaka. Agosti 2022 madaktari walisema figo zake zote mbili zimeharibika. Kuanzia hapo ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila wiki, muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu. Tuliomuuguza tunaijua ile barabara kutoka kwake Nyegezi kwenda hospitali kila shimo lake. Tulichoka. Sioni haya kulisema, kwa sababu hata yeye alilisema. Alilala pale mkono mmoja umefungwa mipira ya mashine, mwingine umeshika kalamu nyekundu, bahasha ya michezo ya vijana iko kifuani. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alizoea kumfunulia kurasa.

Bachubai alifariki mwaka 2023, na ghala likapata mwenyewe mwingine. Tamasha likahamia karakana yangu Igoma. Mwaka jana Odeta hakuweza tena kufika Igoma, kwa hiyo Desemba likafanyika uani kwake Nyegezi, chini ya turubai. Shemeji Masele, ambaye baada ya daraja la Kigongo kufunguliwa alihamishiwa kivuko cha upande wa Ukerewe, alichukua likizo. Tuliamini Odeta angetazama kutoka kwenye kiti. Siku ya pili hakuweza hata kukaa.

Mchezo wa mchana ule ulikuwa wa Gladness, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni msusi Igoma. Uliwahusu dada wawili wanaogombea kibanda cha marehemu mama yao sokoni. Gladness aliingia chumbani, nikiwepo.

"Mwalimu, tumekubaliana tuahirishe. Haiwezekani tupige kelele na wewe uko hivi."

Odeta alikuwa amefumba macho. "Nani amekubaliana?"

"Sisi sote."

"Mimi simo kwenye hao sote. Ngosha, fungua dirisha."

Nikafungua. Akamwambia Gladness, "Usiwaambie washushe sauti kwa ajili yangu. Wakishusha nitajua, na nitaudhika."

Walicheza. Mimi nilikaa naye kitandani. Alisikiliza mchezo wote amefumba macho, mara mbili nikidhani amelala. Gladness alipoingia tena, jasho linamtoka, Odeta alisema, "Yule mjomba anaongea sana. Nusu ya maneno yake yakate. Dada mdogo usimguse, amekamilika." Gladness akacheka, akatoka haraka. Nilimsikia akilia nje karibu na tenki la maji.

Mwezi Januari, siku moja tumerudi kutoka hospitali, nilijikaza. Nikamwambia, "Dada, kuhusu ile nafasi ya shule."

Akanitazama. "Ngosha, ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulitaka uikatae uende wapi?" Halafu akasema, "Nimechoka. Nisogezee mto."

Nikamsogezea mto. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, hayakuhitajika.

Jumatano tarehe 11 Februari 2026, siku ya mashine, Masele alimwamsha ili wajiandae. Odeta akamwambia, "Leo siendi, baba Selina. Kaa na mimi." Masele alitaka kubishana, akamtazama usoni, akaacha. Akavua viatu, akakaa. Selina aliletwa kutoka chuoni, Mashimba alikuwepo. Odeta alifariki saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mumewe. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Marehemu ameacha mume, Masele Machibya. Watoto wawili, Selina na Mashimba. Baba yetu, mzee Luhaga Shimba, mwenye miaka themanini na minane, aliyeketi hapa mbele. Na wadogo zake watatu, Minza, Nyanzala na mimi. Ameacha pia wanafunzi aliowafundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na waandishi ambao Selina amewahesabu kwenye bahasha zake akapata sitini na mmoja.

Tangu juzi watu wananiuliza kama Desemba hii tamasha litakuwepo. Sijui. Gladness anasema lipo. Masele anasema uani kwake kuko wazi. Mimi leo siwezi kujibu, maana mabenchi yale ndiyo mliyoyakalia sasa hivi, na tukimaliza hapa itabidi nitafute mtu wa kunishikia upande wa pili.

Dada yetu alifanya kazi, akachoka. Ee Bwana, mpokee Odeta, umpe pumziko la amani, na lisiwe fupi.