Ato Zewdneh Admassu na Saini Ambayo Haikuwekwa

Marehemu Ato Zewdneh Admassu alizaliwa Meskerem 12, 1936, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, kijijini Weyn Amba. Au Meskerem 21: mama alisema hivi, kasisi aliyembatiza alisema vile, na wote wawili hawapo tena tuwaulize.

Alisoma shule ya kanisa, kisha akasomea sheria Addis Ababa. Mwaka 1962 alimwoa Bi Yeshimebet. Hawakujaliwa mtoto, na mkewe akamtangulia mwaka 1998.

Aliingia bungeni 1987, akagomba huko hadi sauti ikamkauka. Mwaka 2000 wakampa urais, ule wa kupokea mabalozi. Dada yake Bizunesh, anayewasomea haya, alimuuliza, "Kaka, kazi yako hasa ni nini?"

"Kutia saini sheria."

"Na ukikataa?"

"Siku kumi na tano zikiisha, zinapita zenyewe."

"Ala! Kumbe wewe ni fremu ya mlango!" Kaka alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Yekatit 2, 2006, aliletewa sheria iliyochukua mashamba ya Weyn Amba, na la kwao likiwemo, yawe mji. Hakutia saini, ikapita. Watu walisema alikuwa mgonjwa, hata hakuisoma. Bizunesh alimpigia simu: "Ulikuwa mgonjwa kweli?"

"Shamba limekwenda, Bizu. Sababu itatusaidia nini?"

Bizunesh akamkatia simu. Tangu hapo, kimya, miaka minane.

Alifariki kwa maradhi ya moyo Tahsas 9, 2014. Katika kuandika wasifu huu, Bizunesh alipata kwenye sanduku la kaka yake kadi ya hospitali ya ng'ambo alikolazwa mara ya kwanza: tarehe 5, mwezi wa 6. Kwetu mwezi wa sita ni Yekatit, akaandika Yekatit 5. Basi ni kweli, aliugua.

Mjukuu wake Hirut akamshika mkono. "Bibi, futa. Hiyo ni kalenda ya wazungu. Tarehe hiyo ni mwisho wa Ginbot, mwezi wetu wa tisa."

"Ginbot? Mbona sielewi."

"Aliugua karibu miezi minne baada ya kuletewa ile sheria. Siku zile kumi na tano alikuwa mzima kabisa. Alikataa, Bibi."

Bizunesh alihesabu kwa vidole, akarudia, akachanganyikiwa, akahesabu tena. Hadi leo asubuhi anahesabu. Kwa nini hakusema? Hajui, na wa kumjibu ndiye huyu tunayemzika.

Ameacha wajukuu wanne wa dada yake, na dada mmoja, ambaye simu ilikuwa mkononi mwake miaka yote hiyo. Mungu amlaze pema kaka yetu. Alikataa.