Aliyepungua Mnamfanyaje?

Kijiwe cha pembeni mwa mfereji kilikuwa na benchi moja refu, chupa ya chai, na wazee ambao wake zao hawakutaka kuwaona nyumbani asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Lixia, siku joto linapoingia rasmi kwenye kalenda ya Kichina, na kwenye tawi la mkafuri palining'inia mzani mkubwa wa mti wenye kikapu chini yake. Mtaa mzima ungepimwa uzito, ili joto lisije likawadhoofisha watu. Yu Genbao, seremala mstaafu, alifika na koti zito. Tangu mwaka mpya mwili wake ulikuwa ukimwisha, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mifuko ya koti aliijaza mawe ya mtoni.

— Genbao, koti la nini na jua hili? aliuliza Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki.

— Mafua.

— Mafua leo? Basi umekaa kizingitini wewe. Si unajua Lixia hakukaliwi kizingitini?

— Mwache apande kikapuni, alisema Bata, aliyefuga bata maisha yake yote. Ukishapimwa, mwili unaona haya kupungua. Unajua umeandikwa.

— Umeandikwa wapi?

— Hewani.

— Acha kamba, Bata. Mwili hauna habari. Ni joto lenyewe. Likija likakuta watu wamepimwa, linapita mbali, kama mgambo akikuta duka lina leseni.

— Sasa nikupe siri. Leo dunia yenyewe inakuwa nyepesi. Ndiyo maana bata wangu leo wanaelea juu juu, mpaka miguu inaonekana.

— Bata wako wana njaa, bwana.

Genbao aliingia kikapuni. Mawe yakagongana, naye akakohoa kuyafunika. Redio akasukuma jiwe la mzani kuelekea nje, kwenye uzito mkubwa. Siku hiyo halirudishwi ndani hata kidogo. Ukilirudisha umemtakia mwenzako mabaya.

— Kaongezeka, alitangaza. Mwoneni, kama bwana harusi.

Genbao alitabasamu. Ndani ya koti jasho lilimtiririka, na halikuwa la jua.

Mwishoni mwa benchi aliketi Lijun, mkwe wa Redio, mtu wa kaskazini aliyekuja jana kuwasalimu wakwe. Alikuwa akimenya yai lililochemshwa kwenye majani ya chai.

— Baba, kwetu hatupimani hivi. Naomba kuuliza.

— Uliza, mkwe wangu, ujifunze.

— Aliyepungua mnamfanyaje?

Kijiwe kilikuwa hakijawahi kuona jambo hilo.

— Hapungui mtu hapa, alisema Bata mwishowe.

— Lakini akipungua?

— Tunamwambia kaongezeka.

— Halafu?

Genbao, bado kikapuni, alianza kutoa mawe, moja moja, akiyaweka chini. Alitegemea wacheke. Hawakucheka.

— Suruali zinanishuka, alisema. Maji nakunywa kama ng'ombe na kiu haiishi. Nimeogopa kuuliza, nisije nikajibiwa.

Bata alimshika kiwiko akamsaidia kutoka.

— Tusubiri kipindi kijacho cha kalenda, ndugu yangu, alisema kwa sauti ya chini. Ngano ikianza kujaa punje, labda na wewe utajaa.

— Mzee wangu, gari langu lipo pale, alisema Lijun. Tumpitie mama nyumbani kwako, twende hospitali.

Mkewe Genbao alimsema njia nzima, huku kamshika mkono bila kuuachia. Hospitalini wakamkuta na kisukari. Alipewa dawa, akakatazwa vitu vitamu, na mwili ukaanza kurudi taratibu.

Joto lilipopamba moto alikuwa benchini tena, bila koti. Redio alishikilia kwamba mzani ndio uliomponya, kwa kuwa kama asingepimwa ugonjwa usingejulikana. Bata alisema dawa ilikuwa kule kushuka kikapuni kwa mguu wa kulia, aliona kwa macho yake. Walibishana mpaka chupa ikakaribia kuisha. Walichokubaliana ni kimoja tu, kwamba watu wa kaskazini hawajui lolote kuhusu majira.

Lijun, aliyekuja tena kuwasalimu wakwe, alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza. Genbao hakubishana na mtu. Alimimina chai iliyobaki kwenye kikombe chake mwenyewe, akampa Lijun mbele ya wazee wote, kisha akasogea ili kijana apate pa kukaa.