Mstari Mzima Uligeuka kwa Ajili Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu bila kushikilia ukuta.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa Mama Shija wa hapahapa Ushetu, yule ambaye kanisa hili lilimpeleka chuo cha ualimu. Nilirudi na cheti na viatu vyeusi, nyumbani wakachinja mbuzi. Lakini ndugu zangu, nilirudi mgonjwa! Sikuwa na homa wala kidonda. Nilikuwa na hofu. Nikisalimiwa njiani, nilishinda nikijiuliza kama niliitikia vizuri. Nikimeza ugali, nilifikiri utanikwama. Na lile darasa la watoto nyuma ya kanisa lilikuwa linaningoja mimi! Nilifika mlangoni, nikaona yale macho, jasho likanitoka, nikarudi nyumbani. Nilijiambia kwamba nikikosea neno moja tu mbele yao, basi yote yamekwisha, na mama yangu ameaibika mbele ya kijiji kizima.

Mchungaji aliniombea, akanivumilia, akaniombea tena. Mwishowe akasema kwa upole, "Mwanangu, watoto hawawezi kungoja daima. Mvua za kupandia zikipita, uniambie kama utafundisha au nimtafute mwingine."

Mvua zikaja, nami bado natetemeka.

Wakati huo jirani yetu Mama Mbula alikuwa amejifungua na miguu imemvimba, hawezi hata kuinama. Mumewe alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na habari zake hazijulikani. Shamba lake lilikuwa nyasi tupu. Nanyi mnajua desturi yetu: mtu akikwama hivyo, wenzake huenda kumlimia kwa ngoma, hawadai ujira, wanakula alichonacho na kurudi makwao.

Mama akaniambia, "Kesho tunaenda kwa Mama Mbula. Na wewe."

Hapo mawazo yakaanza! Mkristo akilima kwa ngoma, amelima au amecheza? Kuinua jembe kwa mdundo ni kazi, sawa, lakini bega likitikisika je? Nikaenda kumwuliza mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama Mbula ana chakula cha mwaka huu?"

"Hana."

"Basi mbona bado umesimama hapa?"

Asubuhi nikafika shambani. "Mwangaluka, mwalimu!" akanisalimia Maganga, kiongozi wa walimaji, mtu ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. "Viatu leo umemwachia nani?" Watu wakacheka, wakanisogeza katikati ya mstari. Ngoma ikalia. Majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na mstari unakwenda mbele kama mtu mmoja.

Nikalima kidogo, kisha nikaanza kufikiri. Je, nimechimba vya kutosha? Tuta langu limepinda? Nikainama kulitazama. Nilipoinua kichwa, mstari ulikuwa umekwishanipita kushoto na kulia, ukajiunga mbele yangu. Nimebaki peke yangu kwenye kipande cha nyasi, watu wote wako mbele!

"Jamani, mwalimu anasahihisha tuta!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Mpe maksi zake, mwalimu! Amefaulu?"

Kicheko kikalipuka. Nikaona sasa ndiyo ile aibu niliyoiogopa siku zote. Nikataka kutupa jembe nikimbie, na kama ningekimbia, darasa nisingelikanyaga tena maishani.

Ndugu zangu, ngoma haikunyamaza! Maganga aliinua mkono, na mstari mzima ukageuka. Wote! Wakarudi wakiimba mpaka kwenye nyasi zangu, wakazilima kwa pamoja, mpaka nikajikuta niko tena katikati yao, bega kwa bega.

"Haya, twende," Maganga akasema. "Ukibaki tena tutakurudia tena. Ila usizidishe, baba, jua linawaka!"

Nililia pale pale. Jasho lilinificha. Nilikuwa nimekosea mbele ya watu wote, na hakuna kilichokwisha! Nilikuwa nimemwomba Mungu aniondolee hofu nikiwa nimejifungia chumbani, naye akanijibu shambani, kwa migongo ya watu wengine.

Shamba lilipokwisha, Mama Mbula alitoka na kichanga mikononi. Alisema, "Nilikuwa nimeshamchagua mtoto wa kumpeleka kwa dada yangu akalelewe. Sasa watabaki wote."

Jumatatu nikaingia darasani. Nikakosea hesabu ubaoni! Binti mmoja akasema, "Mwalimu, siyo hivyo." Nikacheka, nikafuta, tukaanza upya pamoja. Mpaka leo nafundisha.

Wale walimaji, hata wasio na mtoto darasani, walikuja kutuezekea paa la darasa kwa nyasi zao wenyewe. Nami jioni nawafundisha kusoma, bure, kama walivyonilimia bure. Zamani tulisalimiana na wasiosali kwa mbali. Sasa tunajuana kwa majina ya watoto wetu. Namshukuru Mungu, nakushukuru mchungaji, nakushukuru mama yangu kwa lile neno fupi, "Na wewe."

Sasa nasema nawe unayekaa nyumbani, mawazo yamekuzunguka. Usingoje upone ndipo uje kuwasaidia wenzako. Mimi nilikwenda nikiwa mgonjwa! Mwamini Bwana kwa kitu kidogo tu, kuinuka na kwenda kwa jirani. Kesho tunamlimia mzee Luhende aliyevunjika mguu. Njoo kabla jua halijawa kali. Kama huna jembe, mama yangu anayo ya ziada. Nafasi yako itakuwa katikati ya mstari, na mimi nitakuwa kando yako.