Mama Tulia Anavua Hedifoni

Tarehe 30 ya mwezi huu, mpokea simu wetu mwandamizi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha simu za dharura cha kituo chetu cha magari ya wagonjwa. Jina lake rasmi mtalisikia akikabidhiwa cheti. Sisi tunamwita Mama Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila anayepiga akilia, akipiga kelele au akimtukana.

Aliyepewa kazi ya kuandika haya ni dereva, kwa hiyo msitarajie lugha ya kupambapamba. Madereva tulimjua kwa sauti kabla ya sura. Kwa sauti ile tulitarajia mwanamke wa miraba minne. Tulipomwona, kumbe ni mtu wa kumbeba kwa mkono mmoja, miguu haifiki sakafuni, ameiegesha juu ya kreti la soda. Lakini akikwambia tulia, unatulia. Siku moja alimwambia hivyo baba ambaye mkewe alikuwa anajifungua sebuleni, redio ya mawasiliano na magari ikiwa wazi, na dereva aliyekuwa anakimbilia huko akapunguza mwendo. Ilibidi aambiwe kwamba yeye hakuhusika. Mtoto alizaliwa salama, na juzijuzi tumesikia amemaliza shule.

Alianza na simu zile za kuzungusha namba kwa kidole, akapanda hadi kiongozi wa zamu, na karibu kila anayepokea simu humu leo amefundishwa na yeye. Kwa miaka mingi sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hatikisiki. Wengine wakipata simu nzito walikwenda kulia nyuma ya gereji. Yeye alipiga funda moja la chai na kupokea inayofuata. Tulimsifu sana kwa hilo, na sasa tunajua tulikosea kumsifu.

Mwili wake haukuwa na habari na sifa zetu. Ilianza shingo kukaza, kisha chakula kikawa hakishuki, usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Miaka tisa iliyopita, mchana kweupe, simu iliita mbele yake na mkono wake haukuinuka. Aliutazama, akauamuru, ukabaki mezani. Jirani yake wa meza ya pili akapokea. Tulimpakia kwenye gari letu wenyewe tukijua ni kiharusi. Daktari hakukuta kiharusi. Alieleza kwamba mwili ukikaa kwenye tahadhari miaka na miaka, bila kupewa nafasi ya kushusha pumzi, mwisho hugoma. Apumzike, na asikae peke yake. Mama Tulia aliona aibu. Alimwambia mdogo wake kwamba afadhali wangesema ni kiharusi, kisha akamjulisha mkuu wa kituo kuwa kwenye simu harudi tena. Kama kuna nafasi stoo, kwenye mablanketi, ataichukua.

Hapo tukafanya kosa ambalo watu wa simu tu ndio wangeweza kulifanya. Tulikubaliana asipigiwe hata mara moja, mlio usije ukamzidishia maradhi. Tukanyamaza kwa heshima, wiki baada ya wiki, huku yeye, mjane ambaye watoto wake wako mbali, akiitazama simu yake na kuamini kwamba tumeshamsahau. Aliyetuzindua ni dada wa usafi, ambaye hakuwepo kwenye kikao chetu na hivyo alikwenda tu kumjulia hali. Alirudi amewaka. Alituuliza mbele ya mkuu wa kituo: "Mtu ameambiwa asikae peke yake, nyie mnamnyamazia, halafu mnaita heshima?"

Kesho yake msafara ukaanza, wawili wawili. Sisemi tulikwenda na utaalamu wowote. Fundi wa gereji alimtengenezea mlango ambao haukuwa mbovu, na tangu siku hiyo unalia. Wa zamu ya asubuhi walimpikia, wakala wao. Dereva mmoja alisinzia kwenye kochi lake mpaka jioni akikoroma, na Mama Tulia anasema hiyo ndiyo siku aliyocheka kwa mara ya kwanza. Usingizi ukamrudia kidogo kidogo, na hamu ya kula pia. Baadaye akaja chumba cha simu kukaa kando ya jirani yake yule wa meza, akisikiliza tu. Halafu siku moja akanyoosha mkono na kupokea. Chumba kizima kilijifanya kina shughuli nyingine.

Aliporudi kazini kabisa alikuja na sharti. Mtu akitoka kwenye simu nzito, hapokei inayofuata. Jirani anaichukua, na mwenzao mwingine anamtoa kuzunguka uani, akimuuliza: "Imekukaa wapi?" Unajibu shingoni, tumboni, kifuani, popote. Kama hujui, mnazunguka tena. Mkuu aliogopa foleni ya simu. Foleni haikutokea, na likizo za ugonjwa zikapungua. Madereva tulicheka mpaka tulipoulizwa sisi. Mimi, na mwili wote huu, nilijikuta nikijibu magotini, na dada mmoja wa chumba cha simu akanishika mkono tukazunguka. Siku hizi hakuna anayeona ajabu.

Kamati ya kumuaga ilimuuliza anapenda zawadi gani. Tulikuwa tumeshaelewana juu ya kiti cha kuegemea. Mwanamke huyu ambaye hajawahi kutuomba hata chumvi akasema anaiogopa nyumba yake pale atakapokuwa hana pa kwenda asubuhi. Kiti hataki. "Nipigieni simu," akasema, "hata kama hamna la kusema."

Mama Tulia, asante kwa wote uliowatuliza, na sisi tukiwemo. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya raha. Zamu za kukupigia tumeshazipanga, na anayeanza ni dereva huyu. Simu ikiita, pokea.