Ringi ya Mjomba Burito

Ndugu waombolezaji, mlioko chini ya turubai na ninyi mliojibana ukutani mkidhani siwaoni, ukoo ungeweza kumchagua msomi asimame hapa, lakini sauti kubwa ninayo mimi Nathanieli, mtoto wa dada yake, basi nisikilizeni.

Mzee wetu Stanislausi Burito alizaliwa Butiama tarehe 12 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa Mama Wankyo, akasoma hapo hapo mpaka darasa la nne mwaka 1951, akaishia hapo, na kwa ukoo wetu huko si kuishia, ni kufika. Mwaka 1958 alihamia Bunda kupakia marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tarehe 4 Agosti 1962 akafunga ndoa na Skolastika, wakajenga hapa Guta, Mungu akawajalia Dafroza, Bernado na Alfonce.

Mwaka 1981 kijiji kilikubaliana kujenga daraja kwenye kijito kinachotukatia njia ya zahanati kila masika, mzee akaning'iniza ringi ya lori nje ya nyumba yake, ikapatanwa kwamba mapigo ya haraka ni msaragambo, watu watoke kwa kazi ya pamoja, mapigo ya polepole ni msiba. Watu walijaa, mawe yakapanda kama kichuguu, ila saruji ilikuwa haipatikani hata kwa dawa, sawa na sabuni na sukari, wakangoja. Biashara ilipofunguliwa na saruji ikajaa madukani Bunda, watu ndio wakawa hawapatikani, huyu kwenye sangara, yule kwenye mitumba, Bernado kwenye dhahabu, Dafroza Mwanza kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na Alfonce huko Buhare, Musoma, akisema anakuja mwezi ujao, mwezi ambao ulikuwa haujafika mpaka juzi, naye huyo hapo mbele amevaa suti.

Skolastika alifariki tarehe 20 Juni 1988, na tangu hapo kila Jumamosi mzee alipiga ringi, akasimama akitazama njia, kisha akabeba karai lake akaenda peke yake, akapanga jiwe moja moja, na jioni akachemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea.

Mwaka 1993 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, akawa anapigia wa kushoto, na Jumamosi ya tarehe 14 Mei 1994 mapigo yake ya haraka yakatoka polepole, kijiji kizima kikakimbilia kwake na majembe ya kaburi, akina mama vilio tayari mdomoni, wakamkuta marehemu amesimama mlangoni na kofia kichwani. Mama Dorotea, jirani yake, alimwambia, shemeji, siku nyingine ufe kweli, usitupotezee asubuhi, naye akajibu kwamba maadamu majembe mnayo, kijito kiko pale, watu wakacheka, wakaenda, na siku hiyo ndiyo daraja lilipowekewa zege la juu, kwa saruji aliyokuwa ameinunua kidogo kidogo. Sijawahi kumwona akifurahi kama siku ile, na siku ile ndiyo iliyomponza.

Presha ilimlaza hospitali Musoma Oktoba mwaka huu wa 1996, akaruhusiwa, akafariki nyumbani alfajiri ya Jumamosi tarehe 9 Novemba, mimi nikiwa nimemshika. Nilitoka nikapiga ringi polepole kama inavyotakiwa, nikapiga mpaka kiganja kikachubuka, na ninyi mkageukia upande wa pili kitandani, mkisema huyo Burito huyo, anatuitaga kwenye mawe, hatudanganyiki mara mbili. Mpaka jua linapanda, ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili, mimi na yeye. Sisemi kwa ubaya, hata mimi ningelala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliotoka Bunda, majirani wote, na Mama Dorotea aliyefika wa kwanza akiwa na uji wa mgonjwa, kwa sababu hata yeye hakuamini. Leo jeneza limetoka kanisani likapita juu ya daraja lake, hakuna aliyelowa mguu, ila mmeona wenyewe, upande mmoja hauna ukingo, na mawe ya ukingo huo ameyapanga pembeni tayari. Majembe leo mmekuja nayo, basi tukitoka makaburini tusiyarudishe nyumbani kwanza.

Mjomba, ringi tumeisikia, pumzika kwa amani.