Protase Rwegasira, Aliyesomea Nyota ya Bahari

Baba Padri, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wakwe zetu kutoka Rwamishenye, majirani na wote mliofika katika kibanja hiki, mimi Clavery Ishengoma, baba mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo jukumu la kuwasomea maisha ya mtoto wetu, nami nitayasoma yote kama alivyoagiza mwenyewe, hata yale ambayo msibani watu huyaruka.

Marehemu Protase Rwegasira alizaliwa hapa Kamachumu tarehe 3 Mei 1939, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kagaruki na Ma Anatolia, na kwa kuwa wawili waliomtangulia hawakufikisha mwaka, na baba yake akafariki mwaka 1951, Ma Anatolia alibaki na huyu mmoja, akamlea kwa kahawa na ndizi za kibanja hiki mnachokikanyaga.

Alianza shule hapa Kamachumu mwaka 1947, akamaliza sekondari mwaka 1960, akafundisha Muleba, na usiku wa Uhuru yeye ndiye aliyewaongoza wanafunzi kuimba hadi sauti zikawakauka, kisha Julai 1965 akachaguliwa kwenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusomea elimu ya wanyama. Alipokuja likizo alimweleza mama yake kwamba anachunguza nyota wa baharini, na Ma Anatolia, ambaye Kiswahili chake ni cha kanisani, akaelewa alivyoelewa, maana Nyota ya Bahari tunayemjua sisi ni Bikira Maria, basi akawatangazia akina mama wa parokia kwamba Serikali imempeleka mwanawe kumsomea Mama Maria, na baadhi yenu mlioketi hapa mlikuwa mkimwita mama wa padri, naye akiitika.

Kumbe kazi ya marehemu, tangu 1968, ilikuwa kuchunguza kiti cha pweza, ndiye huyo nyota wa baharini, kwenye miamba ya Kunduchi, mnyama wa mikono mitano asiye na kichwa wala damu, anayetembea kwa vijiguu laini vilivyojaa maji, ambaye ukimkata mkono huotesha mwingine, na swali lake kubwa lilikuwa ni kitu gani kinachouambia mkono uote na kinachouambia sasa basi. Katika mkutano wa kijiji aliulizwa kama mnyama huyo analiwa, akajibu kwamba haliwi, akaulizwa atausaidiaje Ujamaa, akasema bado hajui, na watu wakamcheka, naye akacheka nao.

Tarehe 23 Agosti 1969 alifunga ndoa na Joviana Kokugonza, mwalimu, wa Rwamishenye, na siku hiyo parokia nzima ilipigwa na butwaa kuona padri anaoa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Benigna, aliyezaliwa mwaka 1970, na Rugemalira, aliyezaliwa mwaka 1973.

Ili mama yake aone kwa macho, Julai 1971 marehemu alisafiri na kiti cha pweza mzima ndani ya ndoo ya maji ya bahari, kwa treni hadi Mwanza na kwa meli hadi Bukoba, akamfikisha hapa angali hai. Asubuhi yake Ma Anatolia aliona maji yale yamechafuka, akamwonea huruma mgeni, akayamwaga na kumwekea maji safi ya chemchemi, na kufika jioni mnyama alikuwa amelegea, amekufa. Marehemu hakukasirika, alimweleza mama kwamba kiumbe huyu maji ya bahari ndiyo damu yake na chumvi ikiondoka naye huondoka, akamkausha juani, akamtundika ukutani kando ya picha ya Mama Maria, na mpaka leo yupo.

Mwezi Juni 1974 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wa Dar es Salaam wakaona ni figo, akarudi Bukoba kufundisha akiwa anakaa Bilele, na Novemba 1975, aliposhindwa kusimama darasani, tukamleta hapa kwa mama yake, na amri ya daktari ilikuwa asiguse chumvi kabisa. Ma Anatolia aliisikia amri hiyo, lakini macho yake yalikwisha kuona kiumbe akifa kwa kukosa chumvi, basi kila siku alipompikia mwanawe ndizi alitia chumvi kwa siri. Marehemu alifariki tarehe 11 Februari 1976, saa nane mchana, na Joviana alipoosha sufuria aliuonja mchuzi akakuta chumvi, na tangu hapo maneno yamesemwa katika nyumba hii, na Ma Anatolia hajala wala hajalia, amekaa tu kama mnavyomwona.

Kwa hiyo ukoo unasema hadharani kile ambacho marehemu alituambia mimi na Joviana mwezi Desemba, kwamba chumvi aliijua tangu tonge la kwanza, kwamba alipoondoka Dar es Salaam alikwisha kuambiwa figo zote mbili zimekufa, na mwanadamu haoteshi figo kama kiti cha pweza anavyootesha mkono, kwa hiyo tumwache mama apike, na siku ya kumzika tuyasome haya mbele ya wale wale waliomwita mama wa padri. Joviana aliyasahau kwa uchungu, mimi nilikuwa nangoja siku iliyoagizwa, na daktari yupo hapa, ametuambia kwamba chumvi ile isingebadili mwisho.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Bilele, balozi wetu wa nyumba kumi, na vijana waliochimba kaburi kwenye mvua.

Jioni hii ndizi zitapikwa, zitatiwa chumvi, na tunamwomba Ma Anatolia awe wa kwanza kuonja.

Waitu, Protase wetu, pumzika kwa amani, ndizi za mama ulizila ukijua.